Taifodi 160: uhakiki wa karatasi tano za maabara

Kwa kawaida hapa tunahakiki vitabu, na mara mojamoja filamu iliyoiharibu sayansi. Leo nahakiki karatasi tano. Nne zimeandikwa kwa mkono, moja imetoka kwenye mashine, na zote zilikaa miezi kadhaa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati la mjomba wangu kule Mbagala. Mjomba ni fundi wa kuchomelea mageti. Mwaka jana alishikwa na homa inayokuja jioni na kuondoka alfajiri. Akapima, akaambiwa ana taifodi, akatibiwa, akapata nafuu, ikarudi. Hivyo hivyo mara nne ndani ya miezi saba. Mfuko alinipa mimi kwa sababu kwenye ukoo najulikana kama mtu wa wadudu (nasoma uzamili wa maikrobayolojia), akaniuliza swali moja tu: "Mjomba, hebu nisaidie, hizi taifodi zangu jumla yake zilikuwa ngapi? Mimi nimepata mia tano na sitini."

Alikuwa amejumlisha. 160, 80, 160, na 160 tena.

Usicheke, hesabu yake ina mantiki. Sisi tumekulia kwenye lugha ya "una malaria mbili" na "una malaria tatu". Zile namba zilitoka kwenye hadubini: fundi wa maabara alitazama tone la damu, akaona vimelea wachache au wengi, akaandika alama za kujumlisha, moja mpaka nne. Mgonjwa akatoka nje akasema nimekutwa na mbili. Sasa mtu aliyezoea hivyo ukimpa karatasi yenye 160, anaona wadudu mia na sitini wanaogelea mwilini. Na katika miezi saba hakuna aliyemsahihisha. Tena mmoja wa waliomhudumia alimwambia, kwa mujibu wa mjomba mwenyewe, "taifodi yako imepanda, ilikuwa themanini, sasa ni mia na sitini."

Hapo ndipo uhakiki wangu unapoanzia, kwa sababu sentensi hiyo haina maana yoyote kisayansi, lakini mtu alichomwa sindano kwa ajili yake.

Karatasi ya kwanza inasema hivi, na haisemi zaidi: jina, umri, "mRDT: Neg", "Widal: O 1/160, H 1/80", sahihi isiyosomeka, muhuri. Tuisome kama tunavyosoma maandishi yoyote. Nani anaongea na nani hapa? Fundi wa maabara anaongea na tabibu. Mgonjwa ndiye aliyelipia, ndiye anayeibeba kutoka dirisha moja kwenda jingine, lakini hakuandikiwa yeye. Ni barua ya watu wawili iliyopitia mikononi mwa mtu wa tatu. Na huyo wa tatu ndiye anayekwenda kuishi nayo.

Sasa, ile 1/160. Kipimo cha Widal hakimtafuti mdudu wa taifodi. Kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza baada ya kukutana na mdudu. Maabara huchukua damu, huacha chembe zitue, na kubaki na yale majimaji ya juu, seramu. Seramu hiyo huzimuliwa hatua kwa hatua: mara 20, mara 40, 80, 160, 320. Kila hatua huchanganywa na bakteria wa taifodi waliokwisha kuuawa kiwandani na kutiwa rangi ili waonekane vizuri. Kama kingamwili zipo za kutosha, bakteria hushikana na kufanya chembechembe zinazoonekana kwa macho, kama maziwa yanapoanza kukatika. Kwa hiyo 1/160 maana yake ni hii: tuliizimua seramu yako mara 160 na bado iliweza kuwashikanisha. Namba hiyo inapima nguvu ya kumbukumbu ya mwili wako. Wadudu wenyewe wanaweza kuwa walishaondoka zamani, au hawakuwahi kufika kabisa.

Herufi O na H nazo zina kisa kidogo, nakitaja kwa kuwa nilipokuwa mwaka wa kwanza nilidhani ni vifupisho vya maneno ya kitabibu. Zimetoka kwenye neno la Kijerumani Hauch, pumzi, kama ule ukungu unaobaki ukipulizia kioo. Bakteria wenye mikia ya kuogelea walitandaa kwenye sahani ya maabara kama ukungu huo. Wasio na mikia hawakutandaa, wakaitwa ohne Hauch, "bila ukungu". H ni kingamwili dhidi ya mikia, O ni kingamwili dhidi ya ganda la nje. Basi.

Kipimo chenyewe ni cha mwaka 1896. Jijini Paris, Fernand Widal alionyesha kwamba seramu ya mgonjwa wa taifodi huwashikanisha bakteria wa taifodi, mwaka uleule ambao Max von Gruber na Herbert Durham walikuwa wameeleza jambo hilo la kushikana huko Vienna. Kwa wakati ule ilikuwa kazi ya maana sana. Mdudu mwenyewe alikuwa ameonwa na Eberth mwaka 1880 na kuoteshwa maabara na Gaffky mwaka 1884, lakini kumtoa ndani ya mgonjwa aliye kitandani ilikuwa shughuli pevu. Mgonjwa wa Widal alikuwa amelala hospitali na homa ya wiki mbili au tatu, tumbo limejaa, na madaktari tayari wanashuku taifodi kabla hata ya kutoa damu. Kipimo kilikuja kuongeza uzito kwenye shaka iliyokuwa na uzito tayari. Sina ugomvi na Widal. Ugomvi wangu ni na namna tulivyokichukua kipimo chake, tukakikata nusu, na nusu hiyo tukaifanya tiketi ya kuingilia duka la dawa.

Nusu iliyokatwa ni hii. Widal inayosomwa ipasavyo huhitaji sampuli mbili, ya pili ikichukuliwa siku 10 hadi 14 baada ya ile ya kwanza. Kama kiwango kimepanda angalau mara nne, tuseme kutoka 1/40 hadi 1/160, basi kuna jambo linaendelea mwilini sasa hivi. Sampuli moja peke yake haijui kutofautisha taifodi ya leo, taifodi ya miaka mitatu iliyopita, chanjo ya taifodi, na maambukizi ya salmonela wengine wanaofanana naye ganda. Hata malaria inaweza kuamsha kingamwili zinazokichanganya kipimo hiki. Kwa upande mwingine, ukipima siku ya tatu ya homa, mwili unaweza kuwa haujatengeneza kingamwili za kutosha, na mgonjwa halisi wa taifodi akaambiwa hana. Kipimo kinachoweza kukosea pande zote mbili kinahitaji msomaji makini. Karatasi za mjomba hazikumpa msomaji huyo chochote cha kusomea. Hakuna mahali palipoandikwa homa ilianza lini. Haijaandikwa kama kipimo kilifanyika kwenye mirija, ambako huachwa kwa saa nyingi, au kwenye kioo, ambako unachanganya tone kwa tone, unatikisa, na kusoma kwa macho ndani ya dakika moja hivi. Nina hakika ilikuwa kioo, kwa sababu majibu yalitoka kabla chai yake haijapoa. Kwenye kioo ukichelewa kidogo, tone likaanza kukauka ukingoni, utaona chembechembe hata kama hazipo. Na watu wawili wakitazama tone moja, mmoja ataandika 1/80 na mwenzake 1/160. Kwa hiyo ile "imepanda" iliyomchomesha mjomba sindano ingeweza kuwa tofauti ya macho ya mafundi wawili, au ya taa mbili.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo hata wanafunzi wenzangu wa afya huteleza.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka hospitali ya Teule, Muheza, mkoani Tanga. Watoto 1,680 waliolazwa wakiwa na homa walipimwa Widal, tena ile ya mirija, iliyofanywa kwa uangalifu, na damu zao zikaoteshwa ili kumtafuta mdudu mwenyewe. Mdudu wa taifodi alipatikana kwa watoto 16. Kwa kikomo cha 1/80, Widal iliwakamata asilimia 75 ya hao, yaani 12, na kuwakosa 4. Kwa wasio na taifodi ilisema kweli kwa asilimia 98. Ukisikia asilimia 98 unasema kipimo ni kizuri, si ndiyo? Ngoja. Wasio na taifodi walikuwa 1,664. Asilimia 2 ya hao ni watoto kama 33. Sasa waite mbele watoto wote ambao karatasi zao zinasema wana taifodi: 12 wa kweli na 33 au 34 wa uongo. Kati ya kila wanne walioambiwa wana taifodi, ni mmoja tu, kwa kukadiria, aliyekuwa nayo. Watafiti walipata asilimia 26.

Rudia kusoma hapo kama hapajaingia. Hakuna aliyedanganya, wala fundi hakuchanganya chupa. Kipimo kilifanya kazi yake vizuri na bado wengi wa walioambiwa "unayo" hawakuwa nayo, kwa sababu tu ugonjwa wenyewe ulikuwa kwa watu wachache miongoni mwa waliopimwa. Ukitupa wavu wenye matundu madogo kwenye maji yasiyo na samaki wengi, utavua majani. (Haki itendeke: kuotesha damu nako huwakosa baadhi ya wagonjwa wa kweli, pengine nusu yao, kwa hiyo wachache kati ya wale 33 wangeweza kuwa na taifodi kweli. Picha inabadilika kidogo, haigeuki.) Na kipimo hichohicho, kwa watoto walewale, kilikuwa hodari sana kwa kazi nyingine: kiliposema "hana", kilikuwa sahihi karibu mara zote. Yaani tunakitumia kuthibitisha, wakati kwenye mazingira kama yale kinafaa zaidi kuondoa shaka.

Hesabu hii haimaanishi taifodi ni hadithi. Kenya walifuatilia wakazi wa Kibera, Nairobi, na wa Lwak, kijijini magharibi mwa nchi, kwa kuotesha damu. Taifodi Kibera ilikuwa juu mara kadhaa kuliko Lwak, jambo lisiloshangaza ukifikiria maji, vyoo na msongamano. Karatasi ileile yenye 1/160 ina uzito tofauti ikitoka Kibera na ikitoka kijiji ambacho ugonjwa huo ni nadra. Lakini karatasi haijui imetoka wapi. Anayejua ni tabibu, endapo atauliza: unaishi wapi, maji unayapata wapi, nani mwingine nyumbani anaumwa, homa ina siku ngapi, unakohoa? Mjomba anasema kati ya ziara zake nne, swali la kukohoa aliulizwa mara moja, na aliyeuliza alikuwa ameshaanza kuandika dawa.

Kwani homa zetu kwa kweli ni za nini? Hili tuna majibu yake kwa sehemu, na yalipatikana hapahapa. Mwaka 2008 watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki za nje Dar es Salaam na Ifakara walichunguzwa kwa kina. Asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yakiwa ya virusi. Malaria ilikuwa kwa asilimia 10.5, maambukizi ya njia ya mkojo asilimia 5.9, taifodi asilimia 3.7. Ule utatu wetu mtakatifu wa malaria, taifodi na UTI, ukiujumlisha wote haufiki robo ya wale watoto. Huko Moshi, kati ya 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa na homa walifuatiliwa kwa vipimo vya hali ya juu: 528 walikuwa wameandikiwa kuwa wana malaria, na malaria kweli ilikuwa kwa 14. Wengine walikuwa na magonjwa ambayo huwezi kuyasikia dirishani, kama homa ya Q na leptospira inayotoka kwenye mkojo wa wanyama.

Karatasi ya tatu ndiyo iliyoniuma zaidi. Hiyo ndiyo ya mashine: picha kamili ya damu, mistari ishirini na kitu, na pembeni herufi H na L. (Hizi H si zile za mikia. Hapa H ni juu ya kiwango na L ni chini. Karatasi zote ni za mgonjwa mmoja, herufi moja ina maana mbili, na sisi tunashangaa watu hawaelewi.) Mjomba aliniambia aliogopa kwa sababu herufi zilikuwa nyingi. Nikamweleza kwamba kile kinachoitwa kiwango cha kawaida hupatikana kwa kupima watu wazima wa afya, kisha kuchukua asilimia 95 walio katikati. Maana yake kwa kila kipengele, mtu mmoja kati ya ishirini wenye afya njema kabisa ataangukia nje. Ukimpima mtu mzima wa afya vitu ishirini visivyotegemeana, uwezekano wa kupata angalau herufi moja ni kama asilimia 64. Wale wanaouza vifurushi vya "kupima mwili mzima" wanalijua hili, au walipaswa kulijua. Ukipima vingi, hutatoka mikono mitupu.

Lakini karatasi ya tatu haikuwa kelele tupu. Wekundu wa damu ulikuwa chini, chembe za kugandisha damu zilikuwa juu, na chini kabisa, kwa kalamu, mtu aliandika kasi ya kutua kwa chembe nyekundu: 96. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosema ugonjwa gani. Vyote pamoja, kwa mtu mwenye homa ya miezi mitatu na suruali inayofungwa kwa kamba, vinasema kuna kitu cha muda mrefu kinamla, hebu tafuta. Karatasi hiyo ilibanwa kwa pini nyuma ya karatasi ya pili, iliyosema Widal 1/80. Iliyosomwa ni ya mbele.

Nadhani sababu ni neno. Tunaita yale yanayotoka maabara "majibu". Mtu huenda "kuchukua majibu", na akishayachukua hakuna tena swali. Karatasi ya mashine haikuwa na jibu, ilikuwa na swali, na swali halina dawa ya kuandikiwa. Widal ina jina la ugonjwa ndani yake. Ni rahisi kwa kila mtu: tabibu mwenye foleni ya watu hamsini, fundi ambaye hana vifaa vya kuotesha damu, mgonjwa aliyelipa elfu saba na hataki kuambiwa "hatujaona kitu". Nimesikia watu wakikisifu kituo fulani kwa sababu "pale hawakosi ugonjwa". Kituo kinachosema ukweli, kwamba hatujui bado, rudi baada ya siku tatu, kinaonekana hakina wataalamu.

Kwa hiyo siandiki kumshambulia fundi wa maabara. Aliombwa Widal, akafanya Widal. Wala sisemi kila zahanati iwe na mashine ya kuotesha damu kesho: inahitaji damu nyingi, mililita nane hadi kumi kwa mtu mzima, inahitaji umeme usiokatika, mtu aliyefundishwa, na siku mbili hadi tano za kusubiri. Mgonjwa akiwa ameshameza dawa za dukani kabla ya kuja, mdudu anaweza asiote kabisa. Ugumu huo naujua, nimeshika hizo chupa.

Ninachokataa ni kusema kwamba hatuwezi kufanya vizuri zaidi kwa vifaa vilevile. Tunaweza, na ushahidi uko kwenye meza ileile ya maabara. Mtu akipimwa VVU na kipimo cha kwanza kikaonyesha maambukizi, haambiwi hapohapo kwamba ameambukizwa. Damu hupimwa tena kwa kipimo cha aina nyingine, kwa mpangilio uliowekwa na taifa, na akipatikana nayo hupewa ushauri kwa maneno anayoyaelewa. Kwa nini? Kwa sababu wote walikubaliana kwamba kumwambia mtu asiye na VVU kwamba anayo ni madhara makubwa. Kwa taifodi hatujakubaliana hivyo. Tunaona ukikosea, kwani kuna hasara gani, atameza dawa siku saba, haziui.

Haya, tuone hasara. Ziara ya kwanza mjomba alipewa sipro. Ya pili, sindano za seftriaksoni. Ya tatu, sipro tena, kwa siku kumi na nne. Ya nne, sindano. Tuache kwanza pesa, na siku za kazi, na usugu wa dawa ambao tunauzungumzia kila mwaka kwenye makongamano. Dawa za familia ya sipro zina tabia moja ambayo kila anayeziandika anapaswa kuikumbuka: zinawapunguza nguvu vimelea wa kifua kikuu kwa muda, bila kuwamaliza. Homa inashuka kidogo, mgonjwa anasema nimepona, tabibu anasema unaona, ilikuwa taifodi. Wiki chache baadaye inarudi. Ile nafuu ya muda ndiyo iliyomfanya mjomba aamini zile karatasi kuliko alivyouamini mwili wake.

Ilikuwa TB. Iligunduliwa mwezi wa nane na nesi wa kliniki ya watoto, ambako mjomba alikuwa amempeleka mjukuu kupimwa uzito. Nesi alimsikia akikohoa kwenye benchi, akamuuliza kikohozi kina muda gani, akamuuliza kuhusu jasho la usiku, akampa kikopo cha makohozi. Mashine ya kutafuta vinasaba vya kimelea ilitoa majibu ndani ya saa mbili. Bure, kama ilivyo matibabu yote ya TB nchini. Mjukuu naye ikabidi apimwe, na mkewe mjomba, na vijana wawili wa gereji. Mmoja wa vijana alikutwa nayo.

Nikirudi kwenye karatasi kama karatasi, mabadiliko ninayoyataka ni madogo kiasi cha kuchekesha. Mstari wa Widal uandikwe njia iliyotumika, kioo au mirija. Uandikwe siku ya ngapi ya homa. Chini yake liwepo sentensi moja ya Kiswahili, iliyochapishwa, si ya kuandikwa kwa mkono wenye haraka: kipimo hiki kimoja hakithibitishi taifodi. Kama sampuli ya pili haitachukuliwa, bora mstari wenyewe usiwepo. Na kipimo cha haraka cha malaria nacho kipewe sentensi yake, kwa sababu vile vinavyotafuta protini ya kimelea vinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, na watu wanarudia dawa bure. Wino wa sentensi mbili hauwezi kuwa gharama iliyotushinda.

Msomaji mmoja wa rasimu hii, daktari, aliniambia sentensi hizo zitawafanya wagonjwa wasiamini maabara. Nimelifikiria hilo kwa siku kadhaa na sikubaliani naye. Mjomba aliamini maabara kupita kiasi, na imani hiyo ndiyo iliyomzuia asiseme mapema, kwa sauti, kwamba haponi. Lakini namwelewa anakotokea: anaona watu wanaoruka vipimo kabisa na kwenda moja kwa moja dukani, na anaogopa kuwapa sababu nyingine. Wao wana haja ya kipimo kinachosema kweli kuhusu mipaka yake hata zaidi ya mjomba.

Kuna nilichomwambia mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyeniuliza. Nilimwambia safari nyingine ukipewa karatasi, uliza: hiki kipimo kimetafuta mdudu au alama alizoacha? Na kama dawa hii isiponisaidia, mtatafuta nini kingine? La pili ndilo muhimu. Tabibu akilijibu vizuri, uko mahali pazuri, hata kama kipimo kilikuwa dhaifu.

Mjomba alimaliza miezi yake sita ya dawa za TB mwezi uliopita. Amerudi gereji, suruali inashikwa na mkanda. Jumapili tulikaa naye nje, nikamweleza haya yote kwa mara ya pili, taratibu, pamoja na mfano wa maziwa. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Sasa mjomba, kama nilikuwa na TB, ile mia na sitini iko wapi?"

Nikamwambia huenda bado ipo. Inawezekana aliwahi kuugua taifodi akiwa kijana, au alikutana na ndugu yake mdudu huyo kwenye chipsi mayai fulani, na mwili umekumbuka. Akienda kupima kesho, akiwa mzima hivi alivyo, anaweza kuandikiwa 1/160 tena.

Akatazama mfuko wa nailoni. "Na dawa watanipa?"

"Watakupa."

Akaukunja, akaurudisha juu ya kabati.